Miaka Niliyokaa Mzazi Bila Mtoto

Wanawake wawili wa kambi yetu wameniomba niwaeleze ugonjwa wangu ulivyokuwa. Ulimi wangu haujawahi kuwa mfupi, mume wangu Petro ni shahidi, lakini kila nikianza kueleza nalia, na nikilia wananiletea chakula. Basi naandika. Masista walinifundisha kuandika nilipokuwa msichana Masisi, nami nilidhani ni kwa ajili ya katekisimu tu.

Nianze na nilivyo leo, ili anayesoma asikate tamaa mapema. Leo naweza kuinama nikaosha miguu yangu mwenyewe. Napanda kutoka mtoni na ndoo ya maji nikipumzika mara mbili tu. Nalala chali bila kukosa hewa. Mabaya yamepita. Sikusema mazuri yamekuja. Hayo sijayaona, na sitamdanganya mtu.

Hapa wananiita Mama Mapendo, kwa jina la mtoto ambaye hayupo tena. Katika miaka yote ninayoisimulia nilitaka jambo moja, mtoto wa kuishi. Mmoja tu, hata awe na makengeza, hata awe mlizi wa kukera majirani. Kila nilichokitenda nilikitenda kwa ajili hiyo, na pale nilipokosea nilikosea kwa ajili hiyo hiyo.

Nilizaliwa kwenye vilima vya Masisi, katika nyumba ya wakulima wa maharagwe. Nilikuwa mwembamba, tena wembamba wa kuudhi. Mama yangu aliona haya kunituma kwa majirani wasije wakasema ananinyima chakula. Lakini nilikuwa na nguvu. Kikapu cha maharagwe kilichojaa, kamba kwenye paji la uso, nilikitoa juu mlimani hadi sokoni bila kukitua. Petro aliniona hivyo mwaka ule vita vya Wazungu vilipoisha. Alikuwa ametumwa kutafuta maharagwe ya wafanyakazi wa mgodi, kule msituni upande wa Walikale. Akamwambia baba yangu, "Papa, huyu mutoto yako anabeba sawa bantu babili." Haikupita miezi mitatu nikawa mke wake, nikapanda kamiyo, lori la kampuni, kwa mara ya kwanza maishani, nikatapika kutoka Kashebere hadi Mubi.

Kambi ilikuwa mbele kidogo ya Mubi, nyumba za matofali kwa mistari, msitu umefyekwa pande zote. Hapakuwa na shamba. Kila Jumamosi kampuni iligawa posho: mchele, unga, maharagwe, makayabo yaani samaki wa chumvi, mawese, chumvi na sukari. Petro alipofanywa kapita, msimamizi wa kikosi cha wachimbaji, posho iliongezeka, na sisi tulikuwa wawili tu. Niliomba kipande cha ardhi pembeni ya msitu nipande hata viazi. Petro alicheka.

"Bibi ya kapita analima? Bantu batasema nini juu yangu? Baki kwa nyumba, pumuzika."

Nikapumzika. Ningejua kupumzika kule kungenichosha namna gani, ningelima barabarani.

Mapendo alizaliwa mvua kubwa zilipoanza. Mama mkwe wangu, Mama Agata, alitoka kijijini kwao, ndani ya msitu, akaja kunihudumia. Nitasema mengi juu yake, kwa hiyo nitangulize hili: alinipenda. Anayetafuta mama mkwe mbaya akamtafute kwingine.

Mwanamke akizaa mtoto wa kwanza, kwao na kwetu, hukaa mzazi. Anawekwa ndani karibu na moto, hashiki maji baridi, habebi kitu, anafungwa tumbo kwa kitambaa, na anakula. Anakula ndizi zilizopikwa na mawese, bugali, nyama, uji wa sukari, na anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, ili maziwa yashuke. Asipomaliza sahani wanawake wanamwimbia nyimbo za kumcheka hadi aimalize. Siku anapotolewa nje watu hukusanyika kumtazama, na kadiri alivyonenepa ndivyo ukoo wa mume unavyosifiwa. Sitaipinga mila hiyo hata leo. Mwanamke aliyetoka kujifungua anahitaji kupumzishwa, na si kila mahali anapumzishwa.

Ila kwetu Masisi mila ilikuwa na mlango wa kutokea. Baada ya miezi miwili au mitatu mama mkwe anakukabidhi jembe na kikapu, mnakwenda shambani pamoja, na siku hiyo unalima mpaka mgongo unalia. Hapo ndipo umetoka mzazi. Kambini hapakuwa na shamba la kunikabidhi. Mama Agata alingoja, akatazama huku na huku, hakuona pa kunipeleka, akaendelea kupika. Watu walikuja kunitazama, wakapiga vigelegele, wakaenda zao, mimi nikarudi kwenye kiti changu. Niliingia mzazi nikiwa na miaka kumi na tisa na sikutoka. Hakuna aliyeligundua jambo hilo, mimi mwenyewe sikuligundua.

Na nilifurahi, nisijifanye mtakatifu. Mikono iliyokuwa mifupa mitupu ikawa na vishimo kwenye viwiko. Siku za sikukuu Petro aliniketisha mbele na kikwembe kipya, kitenge cha kujifunga, nikasikia wanaume wakisema, "Petro anajua kutunza bibi." Mama yangu alipokuja kunitembelea hakunitambua mlangoni, kisha akalia kwa furaha. Alirudi Masisi akawaambia wote kwamba binti yake sasa ni mtu.

Mapendo aliishi miaka miwili na miezi kadhaa. Surua ilipita kambini wakati wa kiangazi, ikaingia karibu kila nyumba. Sitaandika zaidi ya hapo.

Wanawake walileta vyungu vya msiba, nami nilikula, kwa sababu nikitafuna silii. Watu walisema nina moyo mgumu. Nilikula asubuhi, nilikula wakiondoka, nilichota sukari kwa kiganja nikiwa nimesimama nyuma ya mlango. Huzuni yangu yote niliipitisha mdomoni, na posho ya Jumamosi ilinisaidia.

Mimba ya pili ilikuja mvua za mwaka uliofuata. Kufikia hapo mwili ulikuwa umeanza kunisumbua. Kiu ilinishika, namaliza mtungi wa maji kabla ya adhuhuri. Miguu ilivimba. Pete ya ndoa iligoma kutoka, nikapelekwa kwa fundi wa mashine, akaikata kwa msumeno mdogo huku nimeketi katikati ya vyuma vyake nikiuma kikwembe. Chini ya matiti na kati ya mapaja ngozi ililika ikatoa harufu, na kanisani nikaanza kukaa peke yangu karibu na mlango. Wote walisema ni mtoto mkubwa huyo. Walisema kweli. Alizaliwa mkubwa kuliko watoto wote wa kambi, wa kiume, mashavu yamejaa, na hakulia. Mama mmoja aliyemwosha alisema, "Angalia vile alikuwa na afya." Alisema kwa nia njema, lakini hadi leo nikikutana naye nakwepa.

Ndipo tulipofanya kosa ambalo hasa ndilo limenishikisha kalamu. Mama Agata alisema mtoto alikufa kwa sababu mwili wangu haukuwa na nguvu ya kumtoa upesi, na sasa, kwa kuwa umetolewa kitu kikubwa, lazima ujazwe. Akaniweka mzazi tena. Bila mtoto. Miezi mitatu karibu na moto, tumbo limefungwa, uji wa sukari, kasiksi ya kushusha maziwa ambayo hakuna wa kuyanyonya. Na maziwa yalikuja, jamani. Niliyakamua kwenye bakuli nikayamwaga nyuma ya nyumba, kuku wakaja kuangalia. Nilitaka kufa, na kila mtu aliyeniona alisema napendeza.

Baadaye siku zangu za mwezi zikaanza kukosekana. Zikikosekana tunadhani mimba, na tukidhani mimba chungu kinapanda motoni. Viangazi viwili vilipita hivyo. Kitanda kilivunjika, Petro akatengeneza kingine cha mbao nene na hakusema neno, na huko kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angenidhihaki. Dada zake walipokuja nilisikia kupitia dirisha mmoja akimwambia, "Kaka, hii bibi yako iko mafuta tupu, hakuna mutoto ndani." Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa nimeiona miguu yangu tangu sijui lini.

Kisha mimba ya tatu ikawa mimba kweli. Nilikwenda zahanati ya Mubi, tukaketi wanawake kwenye benchi refu. Nilipokaa mwisho mmoja, benchi likainama na walioketi mwisho wa pili wakainuliwa kidogo. Walicheka, nami nikacheka nao, maana ningefanya nini? Tulingoja hadi mchana, jasho linanitiririka na mapaja yananiwaka, nikiomba nisiitwe kwanza kwa sababu nilihofia kusimama. Muganga wa zahanati alipima mkojo, akanisikiliza kifua, akaandika barua. Niende hospitali ya masista Masisi, nikae huko mpaka nijifungue.

"Mama, ukibakia hapa utakufa, na mutoto atakufa," alisema. "Njo vile. Sitakudanganya."

Nilimshukuru. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia wazi kwamba mimi ni mgonjwa. Miaka yote hiyo nilidhani ninaumwa na bado ni mzima.

Hospitalini walitaka kujua uzito wangu. Mizani ya wagonjwa ilifika mwisho ikagoma. Sista akanipeleka ghalani, kwenye mizani ya magunia ya kahawa, wafanyakazi wakasogeza magunia kunipisha. Mmoja wao akasoma namba kwa sauti kubwa, kama alivyozoea kwa kahawa, kisha akashika mdomo. Namba yenyewe sitaitaja. Nilishuka nikicheka, nikafika nyuma ya ghala nikaegemea ukuta nikalia mpaka Sista akaja kunishika mkono. Hakuniambia ninyamaze, na hilo nililihesabu kuwa wema.

Aliniambia sukari basi, kasiksi basi, mawese kidogo sana, na kila asubuhi nitembee hadi msalaba ulio juu ya kilima. Siku ya kwanza nilifika kwenye ua wa hospitali nikakaa chini. Kitanda cha jirani kilikuwa na mama mmoja wa milimani, Mama Furaha, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu, mkavu kama nilivyokuwa zamani. Siku ya tatu aliniona nikihangaika kujiosha, nisifike mgongoni wala chini ya tumbo. Alikuja akichechemea na bakuli la maji ya chumvi, akaniosha kila mahali, hata pale palipotoa harufu, akanipangusa, akanipaka unga wa muhogo ili pasilowe tena.

"Usione haya, dada," alisema. "Hii mwili iko yako tu. Haikuiba kitu ya muntu."

Tangu Mapendo afe hakuna aliyekuwa amenigusa vile. Aliniosha kila siku, na vidonda vikafunga.

Wiki ya pili nilifika kwenye mikaratusi iliyo chini ya kilima. Wiki ya nne nilifika nusu ya kilima nikaona ng'ombe wa upande wa pili na ukungu ukipanda kutoka mabondeni, nikakumbuka kwamba hapa ni kwetu. Wiki ya sita nilishika msalaba kwa mkono. Kiu ilipungua. Miguu ikawa na vifundo tena. Mtoto alicheza vizuri asubuhi na jioni, na Sista akiweka sikio alitabasamu. Nilianza kumfikiria mtoto yule kwa jina, jambo ambalo nilikuwa nimeapa kutolifanya.

Jumapili ya wiki hiyo Petro na Mama Agata walifika. Mama Agata alishika mkono wangu, akauzungushia vidole vyake kuupima, akaanza kulia pale pale uani.

"Banakuua hapa! Angalia shingo, mifupa inatoka. Na mutoto je? Anakula nini mule ndani?"

"Mama, Sista alisema..."

"Sista alizaa batoto ngapi?"

Nikamtazama Petro. Alikuwa akitazama viatu vyake. "Mie sijue, Mama Mapendo," alisema. "Lakini Mama alizaa tisa, na bote tuko bazima."

Mimi nilikuwa nimezaa wawili na wote wako ardhini.

Mama Agata alikuwa amebeba chungu mapajani siku mbili ndani ya kamiyo: ndizi, mawese, nyama ya nguruwe wa msituni iliyokaushwa kwa moshi. Tulikwenda nyuma ya chumba cha kufulia. Alifunua mwenyewe, akaninyooshea tonge kwa hofu juu ya mjukuu wake. Nilikula. Sitasema nililazimishwa, kwa sababu tonge la pili nilichukua mwenyewe. Baada ya muda kidogo mtoto akaruka tumboni, akapiga teke kubwa kuliko yote.

"Unaona?" Mama Agata alicheka na machozi yakimtoka. "Alikuwa na njaa, maskini!"

Nami niliamini. Ningeachaje kuamini? Nilimsikia mwenyewe, ndani yangu, akishukuru. Petro alirudi kazini, Mama Agata akabaki kwa watu wa kanisa karibu na soko, na kila mchana akaja na chungu na kibuyu cha kasiksi. Wiki nne. Nikamwambia Sista kwamba miguu inauma, nikaacha kupanda kilima. Mama Furaha aliniona.

"Dada, usikule tena ile chakula," aliniambia. "Uliniambia weye mwenyewe vile balikuambia."

"Niachie," nikamjibu. "Mutoto wangu anacheza nikikula."

Aliendelea kuniosha, na mimi nilikwepa macho yake.

Uchungu ulidumu siku mbili, kisha wakanipasua. Alikuwa msichana, mkubwa, mzuri, nywele zimejaa kichwani. Alizaliwa alfajiri akiwa hai. Walipomleta nilipoamka alikuwa anatetemeka mikono na miguu, midomo imegeuka buluu, na macho yake yako wazi yananitazama. Saa sita mchana alikuwa amekufa. Kizazi changu kilikuwa kimetolewa, vinginevyo, walisema, nami ningekufa. Hilo nililielewa polepole, sehemu kwa sehemu, kwa siku kadhaa.

Nilimwambia Sista habari ya chungu. Nilimwambia yote, nikamuuliza kama ni hicho kilichomuua.

"Labda ndiyo, labda hapana," alisema. "Mwili wako ulikuwa umechoka kwa miaka mingi."

Nilitaka aniambie ndiyo, au aniambie hapana. Hadi leo ningempa chochote nilicho nacho aniambie mojawapo.

Mama Agata alikaa miguuni pa kitanda akirudia, "Nilikulisha vizuri, mutoto wangu. Nilikulisha vizuri." Alikufa miaka miwili baadaye akiamini kuna mtu alituloga, na sikumwondolea imani hiyo, kwa kuwa ilikuwa nyepesi kuliko ile yangu. Petro hakuniacha, hilo nalisema kwa sauti. Ana mtoto na mwanamke mwingine huko Walikale. Hilo nalo nalisema. Nilirudi kambini nikafyeka kipande changu pembeni ya msitu bila kumwomba mtu ruhusa, na mwili umepungua mwaka hadi mwaka, bila haraka, kama ulivyokuja. Majirani wanamuuliza Petro kwa nini siku hizi ananinyima.

Kwako wewe unayewekwa mzazi sasa, hapa kambini au kwingine kusiko na shamba: kula, pumzika, wapende wanaokupikia. Lakini hesabu miezi yako mwenyewe, na ikitimia toka nje kwa miguu yako hata kama hakuna aliyekuja kukutoa. Ukiambiwa kwamba huo mwili ni afya, na wewe unajua unavyohema, sadiki kuhema kwako. Sijui kama utanisikia. Mimi nisingesikia.

Jambo moja sijamwambia mtu, hata Petro. Siku niliporudi kutoka Masisi nilikuwa peke yangu kwenye kamiyo. Mama Agata alikuwa ametangulia. Tulisimama Kashebere dereva apoze mashine. Mama mmoja muuza ndizi alikuja chini ya ubavu wa gari, akatazama tumbo langu, ambalo lilibaki vile vile kama hawakutoa kitu ndani yake, akafurahi.

"Mama, uko karibu! Imebakia miezi ngapi?"

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache tu.

"Mbili," nikasema.

"Mungu akusaidie. Ile tumbo iko ya mwanaume." Aliweka kiganja tumboni kwangu kunibariki, juu ya jeraha. Iliuma sana na sikusogea. Kisha akachagua ndizi mbivu iliyo nzuri kuliko zote, akanipa bure. "Hii haiko yako," alisema. "Iko ya mutoto."

Nikaimenya, nikaila yote pale pale akinitazama, nikamshukuru kwa niaba ya mtoto.